KURUDIANA SI KURUDI TU

Mume na mke waliotengana, wawe Wairaqw wa Mbulu au Wadatoga wa Hanang, wakifika barazani huambiwa kwa Kiswahili: "Rudianeni." Neno hili tulipime. Rudi asili yake ni Kiarabu, radda, yaani kurejesha. Mkia -ana ni wa Kibantu, nao hudai watu wawili. Tena kumrudi mtu ni kumwonya. Basi mke akisukumwa peke yake kurejea kwa mume asiyeonywa, huyo karudi, hawakurudiana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hutaka, kwa kawaida, shauri lipitie Baraza la Usuluhishi kabla talaka haijaombwa mahakamani. Baraza likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati ya kueleza hivyo, wala si aibu kwa wazee kuitia sahihi.