Protini p53 na saratani ya ini mkoani Kagera

Protini p53 ni protini ya seli inayozuia uvimbe wa saratani usianze wala kukua. Hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni TP53 iliyopo kwenye kromosomu ya 17, nayo ina asidi amino 393. Iligunduliwa mwaka 1979. Kwa takriban miaka kumi wataalamu waliidhani kuwa inachochea saratani, kumbe kazi yake ni kinyume.

DNA ya seli ikiharibika, p53 husimamisha mgawanyiko wa seli ili uharibifu urekebishwe. Usiporekebishika, huifanya seli hiyo ife. Seli ya ini iliyopoteza p53 huendelea kugawanyika pamoja na makosa yake, na kila kizazi cha seli huongeza mengine. Protini ya Rb nayo hulinda, kwa kuzuia seli isianze kunakili DNA yake ovyo.

Katika Afrika Mashariki p53 ya ini hushambuliwa hasa na sumukuvu na virusi vya homa ya ini B. Sumukuvu ya B1 hutokana na kuvu Aspergillus flavus, inayoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Ini lenyewe huibadilisha kuwa kemikali inayonasa kwenye DNA. Mwaka 1991 uchunguzi wa uvimbe wa wagonjwa wa kusini mwa Afrika na wa Qidong, China, ulionyesha mara kwa mara kosa lilelile: katika nafasi ya 249 ya p53, serini imechukua mahali pa arginini. Virusi navyo hutengeneza protini X, inayoshikamana na p53 na kuidhoofisha. Mtu anayepatwa na vyote viwili huwa na hatari kubwa kuliko hatari hizo zikijumlishwa tu.

Wilayani Bukoba na Muleba chakula kikuu ni ndizi, ambazo hupikwa mbichi zikitoka shambani, hivyo kuvu haipati nafasi. Lakini mnyauko wa migomba, ulioripotiwa Muleba mwaka 2006, ulizifanya baadhi ya kaya zitegemee zaidi mahindi na mihogo. Kwa kuwa mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka, kukausha mahindi ni kazi, na kupika ugali hakuondoi sumukuvu. Punje zilizovunjika au kubadilika rangi huchambuliwa na kutupwa. Ng'ombe wa maziwa hawafai kulishwa, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Chanjo ya homa ya ini B imekuwa ikitolewa kwa watoto wachanga nchini Tanzania tangu mwaka 2002. Haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Huyo huhitaji kupimwa na kufuatiliwa hospitalini, kwani saratani ya ini huchelewa kuonyesha dalili.