Walimu wa Sayansi Waalikwa Kuandika

Walimu wanaofundisha sayansi katika shule za Kakamega, na wenzao wa mahali pengine, waombwa kuliandikia gazeti hili makala fupi juu ya masomo waliyoyafundisha yakafahamika vema.

Mwaliko huu una sababu. Mnamo mwaka 1998 Serikali ya Kenya na ile ya Japani zilianzisha mpango wa kuimarisha ufundishaji wa hesabu na sayansi katika shule za sekondari, ulioitwa SMASSE. Wilaya tisa zilichaguliwa kuanza, na Kakamega ilikuwa mojawapo. Walimu walihimizwa kuwapa wanafunzi kazi ya kutenda kwa mikono yao, na vifaa vinapokosekana, kubuni vingine kutokana na vitu vya karibu. Lakini ubunifu wa namna hiyo usipoandikwa huondoka pamoja na mwalimu aliyeubuni siku anapohamishwa au kustaafu, na ajaye huanza upya na ubao na chaki.

Shule isiyo na karatasi za litmasi, kwa mfano, yaweza kutwaa maua mekundu ya haibiskasi yapandwayo uani, ikayaponda na kuyaloweka katika maji ya moto. Maji ya limau yakitiwa humo, rangi huwa nyekundu ya kung'aa, kwa kuwa limau lina tindikali. Yakitiwa maji ya majivu yaliyochujwa, yale yale ambayo akina mama wa Kakamega hulainishia mboga, rangi huelekea kijani, kwa maana majivu yana alkali. Mwanafunzi aliyelikariri neno alkali mwaka mzima atashangaa kusikia kwamba amekula mboga zilizopikwa nayo tangu utoto wake.

Makala kama hiyo haihitaji maneno makubwa. Mwandishi aeleze darasa alilolifundisha, vitu alivyotumia na vipimo vyake, na maswali waliyouliza wanafunzi. Jaribio lililoshindikana nalo lapokewa, tena huenda likafaa kuliko lililofaulu, mradi chanzo cha kushindikana kitajwe. Moto au tindikali kali ikitumika, tahadhari itangulie maelezo ya jaribio lenyewe. Hata maji ya majivu huunguza macho. Majina ya wanafunzi yasitajwe.

Walimu wa shule za msingi wasidhani kwamba mwaliko huu hauwahusu. Maandishi yawe upande mmoja tu wa karatasi, yasomeke, na jina la shule liandikwe juu.