Mita Iliyofungiwa Ndani

Gitothua, wadi ya Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, imejaa nyumba za kupanga. Tuseme msoma mita za maji amefika kwenye ploti, amebisha, na keateka hayuko. Geti limefungwa. Katika jedwali la kompyuta, kwenye safu ya uniti zilizotumika mwezi huo, aandike nini?

Akiandika 0, kompyuta itaamini kwamba ploti nzima haikutumia hata tone. Mwezi unaofuata, matumizi ya miezi miwili yatahesabiwa kama ya mmoja, na kwa kuwa bei ya maji hupanda kwa ngazi kadiri uniti zinavyoongezeka, bili itakuwa ya kushtua.

Hata wastani huharibika. Ploti tatu zimetumia uniti 20, 30 na 40, ya nne haikusomwa. Ukiihesabu kuwa 0, wastani ni 22.5. Ukiiacha nje, ni 30.

Ndiyo maana SQL, lugha ya hifadhidata, ina alama maalumu ya thamani isiyojulikana: NULL. Edgar F. Codd wa IBM, aliyebuni hifadhidata za majedwali mwaka 1970, alieleza mwaka 1979 namna ya kushughulikia mapengo haya. Lakini NULL ina vituko vyake. Omba orodha ya ploti zilizozidi uniti 30, kisha zile ambazo hazikuzidi. Ile isiyosomwa haitaonekana popote. Swali lenyewe “je, ilizidi?” halina jibu la ndiyo wala hapana, kwa hiyo ploti hiyo ni lazima itafutwe peke yake, kwa IS NULL.

Kuweka makadirio badala ya NULL kunaruhusiwa, mradi safu ya pembeni ionyeshe kwamba ni makadirio.

Balaa kubwa zaidi huletwa na fomu zisizokubali pengo. Wakimbizi wengi wa Kisomali waliohamia Marekani, ambao tarehe zao za kuzaliwa hazikuwahi kuandikwa, waliandikishwa kuwa wamezaliwa 1 Januari. Wajazaji wengine wa fomu huweka nukta, au “hakuna”, na neno hilo hugeuka data kama data nyingine.

Kinyume chake pia hutokea, neno likachukuliwa kuwa pengo. Huko California, mtaalamu wa usalama wa kompyuta Joseph Tartaro alichagua namba ya gari NULL, kwa mzaha. Mwaka 2019 alisimulia yaliyomkuta: faini za zaidi ya dola 12,000, za magari ya watu wengine ambayo namba zake hazikuwa zimejazwa.