Mkungu mkubwa si lazima utoe mawese mengi

Katika koperative moja upande wa Fizi tulikuta miti ya ngazi imetiwa alama ya panga: itakatwa, kwani mikungu yake ni midogo. Mti mmoja ulikuwa wa mama mjane anayelipia watoto masomo kwa bidoni za mawese. Tukauliza: muliipima namna gani? Wakajibu kwamba kila mti walipima mkungu mmoja tu, wiki ileile.

Basi, shida iko hapo. Mungazi hauzai sawasawa mwaka mzima. Kuna miezi ya maua ya kike, kuna miezi ya maua ya kiume tupu, na ukavu unapunguza mavuno. Mupime kila mkungu munaokata, mwaka mzima, afadhali miwili, na muandike kwenye kaye: namba ya mti, tarehe, kilo.

Namna ya kupima isibadilike. Mungoje ngazi chache zianguke zenyewe. Muziokote, zipimwe pamoja na mkungu. Kikonyo kikatwe kifupi kwa miti yote, maana kikonyo kirefu ni kilo zisizo na mafuta. Mupime siku ileile, kwani mkungu uliolala unapoteza maji. Mizani nayo ijaribiwe: maji lita 5 ni kilo 5, ukitoa uzito wa bidoni.

Lakini kilo peke yake hazitoshi. Wengi wanachuma ngazi za nje, nyekundu na nono, halafu wanasifu mti wao (hata sisi tulifanya hivyo!). Za ndani zimebanwa, rangi yake hafifu, mafuta kidogo. Muchanganye za juu, za katikati na za chini, za nje na za ndani, mpaka 30. Muzipime, mukwangue nyama yote, mupime mbegu. Tuseme ngazi zote ni gramu 300 na mbegu gramu 150: nyama ni nusu. Mawese yanatoka kwenye hiyo nyama.

Kisha mupasue mbegu. Ganda nene ni dura. Ganda jembamba lenye duara ya nyuzi nyeusi kulizunguka ni tenera, mtoto wa dura na pisifera isiyo na ganda. Siri hiyo watafiti Beirnaert na Vanderweyen wa Yangambi, hapa kwetu Congo, waliiandika mwaka 1941. Ila musijaze pepinyeri mbegu za tenera: hata tenera ikipandishwa na tenera, karibu robo ya watoto ni dura, na robo nyingine ni pisifera, ambayo mara nyingi haizai vizuri.

Mbegu za mti wa yule mama tulizipasua mbele ya wote. Ganda jembamba, nyuzi nyeusi. Alama ya panga bado iko kwenye shina, lakini mti sasa una namba kwenye kaye, na hautakatwa kabla mwaka wa kupima haujaisha.