Mapinduzi ya Urusi (Sehemu ya Tatu): Siasa ya Nje ya Wabolsheviki, 1917–1924

Wabolsheviki walipotwaa madaraka mjini Petrograd tarehe 7 Novemba 1917, hawakuwa na mpango wowote wa siasa ya nje kwa maana ya kawaida. Vladimir Lenin na wenzake waliamini kwamba mapinduzi yangeenea upesi hadi Ujerumani na kwingineko Ulaya, na kwamba serikali za kibepari zikishaanguka, hapatakuwa tena na haja ya mabalozi wala mikataba. Lev Trotsky, aliyepewa wadhifa wa Komisari wa Mambo ya Nje, alisema kazi yake ingekuwa kutoa matangazo machache ya kimapinduzi, kisha kufunga duka.

Tangazo la kwanza lilitolewa siku iliyofuata. Mkutano wa Pili wa Masovieti, yaani mabaraza ya wafanyakazi na askari, ulipitisha Amri ya Amani, iliyozitaka nchi zote zilizokuwa vitani zianze mazungumzo mara moja, bila kunyang'anyana ardhi wala kutozana fidia. Amri hiyo haikuelekezwa kwa serikali peke yake. Iliwaita pia wafanyakazi wa Uingereza, Ufaransa na Ujerumani wasimame kuitetea amani, hata kama watawala wao hawataki.

Amri iliahidi vilevile kukomesha diplomasia ya siri. Makarani wa wizara ya zamani waligoma, lakini makabati yalifunguliwa, na baharia mmoja, Nikolai Markin, akasimamia uchapishaji wa nyaraka zilizokuwamo. Miongoni mwa siri zilizofichuka ni mapatano ya mwaka 1916 ambayo Uingereza na Ufaransa, kwa ridhaa ya Tsar, zilikuwa zimegawana nchi za Waarabu zilizokuwa chini ya Waturuki. Waarabu waliokuwa wakipigana upande wa Waingereza kwa ahadi ya uhuru waliambiwa na Waturuki wajionee wenyewe walivyodanganywa. Mwezi Februari 1918 serikali mpya ilifuta pia madeni yote ya Tsar, pigo lililowaumiza hasa Wafaransa wengi wa kipato cha kawaida waliokuwa wamenunua hati za mkopo za Urusi.

Jaribio la kwanza la nadharia hizi lilikuwa mazungumzo ya amani na Ujerumani huko Brest-Litovsk, makao makuu ya jeshi la Wajerumani katika uwanja wa vita wa mashariki. Ujumbe wa kwanza wa Wabolsheviki ulikuwa na mfanyakazi, askari na baharia, ili dunia ione kwamba ni umma unaozungumza. Husimuliwa kwamba wajumbe wakiwa njiani kwenda stesheni walikumbuka kuwa hawana mkulima, wakamchukua mzee mmoja waliyemkuta barabarani. Siku chache baadaye mzee huyo alikuwa ameketi mezani na majenerali na wana wa wafalme.

Lakini majenerali hao walitaka ardhi. Trotsky alikataa kusaini, akatangaza tarehe 10 Februari 1918 kwamba Urusi inajitoa vitani bila kutia saini mkataba. Wajerumani walijibu kwa kusonga mbele tarehe 18, na hapakuwa na jeshi la kuwazuia. Lenin alishikilia kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili, akatishia kujiuzulu, na mkataba ukasainiwa tarehe 3 Machi. Urusi ilipoteza Poland, nchi za Baltiki, Finland na Ukraine, pamoja na karibu theluthi moja ya watu wa dola ya zamani. Wakati ule mapinduzi ya Ujerumani yalikuwa bado, na serikali ya Lenin ilinunua muda kwa ardhi.

Nafasi ya Trotsky ilichukuliwa na Georgy Chicherin, mtu wa ukoo wa kabaila aliyewahi kufanya kazi katika wizara ya Tsar na ambaye mapenzi yake kwa muziki wa Mozart yalimfanya aandike kitabu juu yake. Yeye ndiye aliyejenga upya diplomasia ya kawaida. Hata hivyo, mwezi Machi 1919, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na uvamizi wa majeshi ya kigeni, chombo cha pili kiliundwa mjini Moscow: Kominterni, umoja wa vyama vya kikomunisti vya dunia chini ya Grigory Zinoviev. Tangu hapo Moscow ilikuwa na wasemaji wawili. Komisari aliomba mapatano na serikali zilezile ambazo Kominterni ilitaka zipinduliwe.

Mwaka 1920 ulionyesha hali hiyo waziwazi. Leonid Krasin, mjumbe wa Moscow, alikuwa London akitafuta mkataba wa biashara, huku Baku, mwezi Septemba, Zinoviev akiwaita karibu wajumbe 2,000 wa mataifa ya Mashariki kwenye vita takatifu dhidi ya Uingereza, nao wakiitikia kwa kunyanyua panga na majambia. Kwa Waingereza huo ulikuwa undumilakuwili. Hata hivyo, baada ya Jeshi Jekundu la Wabolsheviki kushindwa na Wapoland mbele ya Warsaw mwezi Agosti, matumaini ya kupeleka mapinduzi kwa silaha yalififia, na njaa na uchovu wa nchi vilidai biashara.

Tarehe 16 Machi 1921 mkataba wa biashara na Uingereza ulisainiwa, kwa sharti kwamba Wasovieti waache uchochezi katika Asia, hasa India na Afghanistan. Siku hiyohiyo Moscow ilisaini mkataba wa urafiki na Uturuki ya Mustafa Kemal, ingawa kiongozi wa wakomunisti wa Kituruki, Mustafa Suphi, alikuwa ameuawa pamoja na wenzake katika Bahari Nyeusi wiki chache tu kabla. Dola ilihitaji jirani aliye adui wa Uingereza, na damu ya wenzao haikuzuia kalamu.

Hatua kubwa zaidi ilifuata tarehe 16 Aprili 1922 huko Rapallo. Mkutano wa mataifa ya Ulaya mjini Genoa ulikuwa umeidai Urusi madeni ya Tsar, nayo ikadai fidia ya uvamizi. Chicherin akaondoka kando na Walther Rathenau wa Ujerumani, nchi nyingine iliyotengwa, wakasameheana madai ya vita na kurejesha uhusiano wa kibalozi. Hata hivyo, mwezi Oktoba 1923 Kominterni iliandaa uasi dhidi ya serikali hiyohiyo ya Ujerumani, ukazimwa haraka mjini Hamburg.

Kwa hiyo Wabolsheviki hawakuiacha ndoto ya mapinduzi ya dunia, ila kila ilipogongana na usalama wa dola, mara nyingi dola ndiyo iliyotangulizwa. Faida ilikuwa kutambuliwa: Uingereza, Italia na Ufaransa zilifanya hivyo mwaka 1924. Hasara ilikuwa kutoaminiwa. Uingereza ilivunja uhusiano mwaka 1927, na Marekani haikuitambua serikali hiyo hadi Novemba 1933, miaka 16 baada ya mapinduzi.