Pampu ya umeme kwa injini ndogo ya mbio: Usidanganywe na lita za kwenye boksi

Kama unaendesha Boxer ya boda, leo sina habari na wewe. Hiyo hupozwa na upepo tu, haina rejeta, haina pampu, na hakuna siku itakusumbua kwa mambo ya maji. Haya ni yako wewe uliyejibana hadi ukapata Yamaha R15 ya mkono wa pili, au YZ125 ya motokrosi. Umeng'oa taa na vioo, unajenga mashine ya mbio kwa gereji ya rafiki, na sasa kuna msee amekuambia: "Toa hiyo pampu ya injini, weka ya umeme. Utapata nguvu."

Huenda amesema kweli. Lakini kuna namna ya kununua pampu hiyo ambayo itakuacha unasukuma pikipiki kwenye vumbi raundi ya tatu, pistoni imeshika ndani ya silinda, wenzako wakikupita. Hapo unazungumzia silinda mpya, pistoni, ringi, gasketi na pesa za fundi. Hiyo ni doo ya miezi kadhaa kwa wengi wetu, kwa sababu ya kifaa unachoweza kukishika kwa mkono mmoja.

Kwanza elewa unachobadilisha. Pampu iliyokuja na pikipiki huzungushwa na injini yenyewe. Mizunguko ikipanda kutoka 6,000 hadi 12,000 kwa dakika, maji yanayosukumwa yanakuwa mara mbili, lakini nguvu ambayo pampu inakula inakuwa karibu mara nane. Injini ya pikipiki kubwa haiwezi kuhisi hilo. Ya farasi 18 inahisi.

Upande wa pili ndio mimi naona una maana zaidi. Ukiwa kwenye mstari wa kuanzia, injini inanguruma polepole, hakuna upepo kwenye rejeta, na pampu nayo inazunguka kivivu wakati unaihitaji. Ukizima baada ya mbio, pampu inakufa sekunde hiyo hiyo, na joto lililojaa kichwani mwa silinda linabaki humo humo. Pampu ya umeme haijali injini iko wapi. Unaiacha ifanye kazi dakika mbili tatu baada ya kuzima, na kichwa kinapoa taratibu. Kama unatafuta mwendo peke yake, nunua tairi nzuri na sproketi sahihi kwanza, pampu ingojee.

Sasa, ipi? Kosa linalofanywa na wengi ni kusoma namba kubwa kwenye boksi na kulipa. Mimi chuo sikumaliza, lakini hesabu ya hapa ni ile fizikia ya joto ya Form Three, na inatosha.

Petroli ikiungua, kwa makadirio ya jumla, thuluthi ya nishati yake inaenda kwenye gurudumu, thuluthi inatoka na moshi, na thuluthi inabebwa na mfumo wa kupoza. Kwa hivyo joto linaloingia kwenye maji linakaribiana na nguvu ya injini yenyewe. R15 ina farasi 18 na kitu, yaani karibu kilowati 14. Chukua hizo kilowati, zidisha kwa 14.3, halafu gawanya kwa idadi ya digrii ambazo uko tayari maji yapande yakipita ndani ya injini. Ukikubali yapande digrii 10, unahitaji lita 20 kwa dakika. Ukitaka yapande 7 tu, unahitaji karibu 29.

Je, injini ya mapigo mawili, ile ya kuchanganyia oili kwenye petroli? Ya cc 125 iliyotengenezwa kwa mbio inaweza kukaribia farasi 40, lakini sehemu kubwa ya joto lake hutoka na moshi. Chukulia nusu ya nguvu yake ndiyo inaingia kwenye maji, kilowati 15 hivi, na utajikuta kati ya lita 20 na 30 tena. Hizi ndizo injini zilizokimbia kwenye mashindano ya dunia hadi msimu wa 2011, kabla ya Moto3 yenye cc 250 za mapigo manne kuchukua nafasi mwaka 2012. Tofauti yao kubwa ni joto zinalopenda. Ya mapigo manne haina shida na maji ya digrii 80 au 90. Ya mapigo mawili ya mbio hupoteza nguvu mapema, na waendeshaji wengi huitaka kati ya 50 na 60. Ndiyo maana utaona rejeta zao zimebandikwa tepu siku ya baridi na kubanduliwa jua likiwaka.

Basi shika namba hiyo kichwani: lita 20 hadi 30 kwa dakika, zikipita kweli ndani ya injini yako. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayouma.

Ukiingia mtandaoni kutafuta, utakutana na vipampu vya plastiki vya volti 12 vimeandikwa 240 au 800, na unaona hiyo ni nyingi. Soma vizuri: ni lita kwa saa. Gawanya kwa 60. Ile ya 240 inatoa lita nne kwa dakika, na ya 800 inatoa 13, tena ikiwa haisukumi kitu chochote. Nyingi zake ni za bwawa la samaki au chemchemi ya bustani. Angalia joto la mwisho inaloruhusu; ikiandikwa 60, hata usifikirie kuiweka kwenye injini ya mapigo manne.

Na hata ile pampu ya maana, namba iliyo kwenye boksi imepimwa maji yakitoka bure, bila kizuizi. Injini yako ni kizuizi. Kuna vijia vyembamba kuzunguka silinda, kuna vimirija vya rejeta, kuna kona za paipu. Watu husema, "Lakini pikipiki si ndefu, pampu inayopandisha maji mita tatu inatosha." Urefu wa pikipiki hauhusiki. Maji yakizunguka kwenye mfumo uliofungwa, yanayopanda yanasaidiwa na yanayoshuka. Zile mita tatu ni nguvu ya kusukuma, na inaliwa yote na msuguano. Ukipunguza paipu kutoka milimita 19 hadi 12 kwa sababu ndiyo iliyokuwa dukani, upinzani wa maji yale yale unapanda karibu mara kumi. Tafuta paipu na viungio vinavyolingana na rejeta yako, hata kama itakubidi uende Kirinyaga Road mara mbili.

Kipimo cha kweli ni ndoo. Weka pampu ivute kutoka kwenye ndoo ya lita 20, isukume kupitia injini na rejeta yako halisi, paipu zako halisi, kisha maji yamwagike kwenye ndoo nyingine. Simu mkononi, hesabu. Ikijaza lita 10 kwa sekunde 30, una lita 20 kwa dakika. Tumia betri ile ile ya pikipiki, maana pampu hupunguza kasi volti zikishuka. Muuzaji akikataa kukuachia ujaribu na uirudishe ikishindwa, mwache na pampu yake.

Hapo fundi mmoja atakuambia usiweke pampu yenye nguvu sana kwa sababu maji yakikimbia hayapati muda wa kupoa kwenye rejeta. Hiyo hadithi ni ya zamani na haina ukweli. Maji yakienda mbio yanakaa muda mfupi kwenye rejeta, ndiyo, lakini pia yanakaa muda mfupi ndani ya injini, na yanarudi mara nyingi zaidi. Shida ya pampu kubwa iko kwingine: uzito na umeme. Davies Craig wa Australia, jina linalojulikana sana kwa pampu hizi, wana moja inayoitwa EWP80, ya lita 80 kwa dakika. Ni pampu nzuri, lakini imefikiria gari. Kwa injini yako ya cc 125 unabeba mzigo wa bure na kumaliza betri.

Tuongee umeme basi. YZ125 haina betri kabisa. Umeme wake wa magneto ni wa plagi. Kwa pikipiki kama hiyo utaweka betri ndogo isiyochajiwa njiani, utaichaji ukirudi pembeni. Pampu inayokula ampea 3, ukiihesabia nusu saa nzima pamoja na kupasha na kupoza, inamaliza ampea-saa 1.5. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 4 inabeba hiyo na inabaki na akiba. Pampu ya ampea 7 ingemaliza 3.5, na mwisho wa mbio volti zinaanguka wakati injini ndiyo iko moto zaidi. Kwa R15 yenye kuchaji, kumbuka umeme hautoki hewani. Magneto inaukamua kutoka kwa injini ile ile. Kutoa taa kunakupa nafasi, ila fungua mwongozo wa pikipiki uone ni wati ngapi.

Kama mfuko ni mwepesi, usidharau vipuri vya magari. Magari mengi ya Ulaya, Mercedes na VW zikiwemo, yana kipampu cha Bosch cha kuzungushia maji ya hita. Kimezoea maji ya moto. Toyota Prius ya kizazi cha pili ina pampu ya umeme ya kupoza inveta, na kwa sababu tunaleta magari mengi ya Japani, si ngumu kuipata. Hiyo inafaa zaidi injini ya mapigo mawili, kwani maji ya inveta hayafiki joto la injini. Ila Toyota yenyewe iliita Prius nyingi mwaka 2012 kwa sababu ya pampu hiyo kufa, kwa hivyo ya mkono wa pili ipeleke kwenye ndoo kabla ya kutoa hata shilingi.

Jambo ambalo wengi hawalitaji ni jinsi pampu ya umeme inavyokufa. Ile ya zamani huvuja kwanza, unaona matone. Hii inanyamaza tu: fyuzi imekatika, plagi ya waya imelegea kwa mtetemo, na wewe umevaa helmeti, husikii kitu. Mbaya zaidi, kama sensa ya joto iko kwenye paipu au rejeta, geji inaweza kuonyesha joto likishuka huku kichwa cha silinda kikiiva, kwa sababu maji ya moto hayafiki tena penye sensa. Weka sensa kwenye kichwa chenyewe. Weka na taa nyekundu kubwa machoni pako, iwake digrii 10 juu ya joto lako la kawaida.

Hapa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, kuna kitu cha ziada. Maji wazi yanachemka kwenye digrii 94 hivi, wakati Mombasa ni 100. Kifuniko cha rejeta chenye presha ya 1.1 kinakupandisha zaidi ya 115, mradi mpira wake ni mzima. Kibadilishe, ni cha bei ndogo kuliko kila kitu nilichotaja leo.

Pampu ikae chini kabisa, chini ya rejeta, ivute maji yaliyopoa na kuyasukuma kwenda kwenye injini. Nyingi haziwezi kuvuta hewa, kwa hivyo jaza polepole, inamisha pikipiki kushoto na kulia, uitoe hewa yote kabla ya kuwasha. Usiiwashe ikiwa kavu hata kujaribu tu, maana maji ndiyo yanayoilainisha. Themostati itoe, la sivyo pampu itasukuma mlango uliofungwa injini ikiwa baridi. Kontrola ya kupunguza kasi inaweza kungoja msimu ujao. Kwa sasa acha pampu iende moja kwa moja, utumie tepu kwenye rejeta.

Na ukienda kukimbia kwenye lami, mwaga kulanti. Sheria za FIM za mbio za barabarani zinaruhusu maji tu, au maji na alkoholi, kwa sababu kulanti ikimwagika njiani anayekufuata anaanguka. Maji matupu hubeba joto vizuri zaidi, lakini yanaleta kutu, kwa hivyo yatoe jioni hiyo hiyo kabla hujaifunika pikipiki.