Neno la Shukrani Mkutanoni



Katika shule yetu mna vyama vingi: Skauti, Malihai, Msalaba Mwekundu, chama cha mjadala na vinginevyo. Huko vijijini wazazi wetu nao wana vyama vyao: vya akina mama vya kuweka na kukopa, vya wakulima wa kahawa, na vya kuzikana. Nasema "vyama" kwa makusudi, maana huku Tarime ukimwambia mzee kwamba unakwenda kilabuni, atakuuliza pombe ni ya nani.

Vyama hivi vina desturi moja. Kabla ya shughuli kuanza, mwenyekiti humwomba mtu mmoja asimame aseme maneno machache ya kufungulia mkutano. Mara nyingi yule aliyeombwa hushtuka, hukohoa, huwashukuru wakubwa waliopo, kisha huketi. Nataka kueleza leo neno hili ni kitu gani, lafaa kusemwa namna gani, na kwa nini si jambo dogo kama lionekanavyo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, katika shule nyingine niliyokuwa nikifundisha, niliombwa niseme neno la kufungulia Siku ya Wazazi. Nililiandika kwenye karatasi usiku kucha. Asubuhi nikasimama, nikamshukuru mgeni rasmi, nikaishukuru bodi, nikawashukuru madiwani na mkuu wa shule, hata dereva wa mgeni sikumsahau. Watu wakapiga makofi, nami nikaketi nimeridhika.

Mchana nilikwenda nyuma ya majengo, mahali palipokuwa pakipikwa. Hapo nikawakuta akina mama wa kijiji cha jirani. Walikuwa wamefika kabla ya mapambazuko, wakateka maji mtoni kwa ndoo kichwani, kwa sababu pampu ilikuwa imeharibika wiki ile. Bibi mmoja aliyekuwa akisonga ugali aliniangalia akasema, "Mwalimu, tumekusikia kwenye kipaza sauti. Hata dereva umemshukuru. Je, haya maji yalijileta yenyewe?"

Hakusema kwa hasira. Alinipakulia chakula kama alivyowapakulia wengine. Lakini nilikula kwa aibu, na tangu siku ile nimekuwa nikilifikiri sana jambo la shukrani.

Shukrani ni ushahidi

Neno letu "asante" lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni "umefanya vyema." Tazama basi: asemaye asante hatoi sifa tupu, bali anashuhudia kwamba fulani ametenda tendo fulani, nalo ni jema. Kama ni ushahidi, yapasa uwe wa kweli. Mtu amshukuruye mkubwa ambaye hakutenda lolote, na kumnyamazia mdogo aliyetenda, ametoa ushahidi wa uongo mbele za watu. Mimi ndivyo nilivyofanya siku ile.

Wahenga walisema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Sisi hudhani methali hii yamhusu mtu mwovu tu, amrudishiaye mwenziwe ubaya kwa wema. Lakini kunyamaza nako ni teke. Aliyeteka maji toka usiku, kisha akasikia majina ya watu wote ila lake, amepigwa teke hata kama hakuna aliyekusudia kumpiga.

Kwa nini neno lisilo la dhehebu

Mkutano wa kawaida katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti ni mchanganyiko wa watu. Wapo Wakuria, Wajaluo, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wasukuma. Yupo Mkatoliki, yupo Msabato, yupo Mmenonaiti, yupo Mwislamu, na wapo wazee washikao mila za baba zao. Kila mmoja ana sala yake na mahali pake pa kusali, wala hakuna amnyang'anyaye. Lakini chama ni cha wote. Neno la kufungulia likiwa la dhehebu moja, wengine huinamisha vichwa kwa adabu tu, huku mioyo yao ikikaa nje ya mlango.

Shukrani kwa binadamu haina dhehebu. Kila mtu amewahi kula chakula asicholima, amevuka daraja asilojenga, tena alibebwa mgongoni siku asizoweza kuzikumbuka. Hapo sote tu sawa, na hapo ndipo pafaapo kuanzia.

Tena kuna jambo ambalo sisi wa Tarime hatuna haja ya kufichana. Imewahi kutokea koo zetu zikapigana kwa ajili ya ardhi na ng'ombe, na watu wakafa. Sisemi kwamba maneno ya dakika moja ni dawa ya ugomvi huo. Nasema tu kwamba mvulana aliyesimama mbele ya wenzake akamshukuru kwa jina mtu wa ukoo mwingine, kwa tendo ambalo wote wamelishuhudia, amepata kitu cha kukumbuka siku atakapoambiwa kwamba watu wa ukoo ule wote ni wabaya.

Mfano wa mji wa mbali

Desturi ya vyama vya utumishi vikutanishavyo watu wa kila namna imeenea ulimwenguni, na mfano mmoja wafaa kutajwa. Tarehe 23 Februari 1905, katika mji wa Chicago huko Marekani, mwanasheria mmoja aitwaye Paul Harris alikutana na rafiki zake watatu wa kazi mbalimbali. Wakapatana wawe wakikutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule. Kwa sababu ya zamu hiyo chama chao kikaitwa Rotary. Hapo mwanzo walitaka urafiki na kufaana katika biashara zao, basi. Lakini haukupita muda mrefu wakaona kwamba chama cha watu wanaonufaishana wenyewe kwa wenyewe hakitoshi. Mwaka 1907 wakaanza kazi yao ya kwanza kwa ajili ya watu wote. Je, waijua ilikuwa kazi gani? Ilikuwa kuhimiza mji wao ujengewe vyoo vya umma.

Pengine utacheka. Lakini utumishi huanzia hapo, mahali watu wanapoona shida na wakubwa wanapoona haya kupataja. Chama hicho kilifika Nairobi mwaka 1930. Mwaka 1962 kikaanzishiwa tawi la vijana wa shule liitwalo Interact. Na kuanzia mwaka 1985 wanachama wake wamechanga fedha na kujitolea katika kupiga vita ugonjwa wa polio, wakishirikiana na serikali na mashirika ya afya ya ulimwengu. Mwezi Agosti 2020 bara letu la Afrika lilitangazwa kuwa halina tena virusi vya polio vya asili. Waliotoka kwenye vyoo wamefika mbali.

Deni la mwanafunzi

Sasa turudi nyumbani. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa wetu huu wa Mara, alipolihutubia Bunge mwezi Mei 1964 juu ya Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano, alitoa mfano ambao kila mwanafunzi apaswa kuujua. Alimfananisha mtu aliyesomeshwa na mtu wa kijiji chenye njaa. Wanakijiji wamekusanya chakula chote kilichobaki wakampa yeye peke yake, ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea msaada. Akikila asirudi, huyo amewasaliti.

Ewe mwanafunzi, usidhani mfano huo ni wa zamani. Tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za sekondari za serikali, kuanzia Kidato cha Kwanza hata cha Nne, na tangu wakati huo nasikia wanafunzi wakisema kwamba elimu ni bure. Neno "bure" lina hila. Maana yake ni kwamba wewe hukulipa, si kwamba hakuna aliyelipa. Amelipa mkulima wa kahawa, amelipa mama auzaye dagaa mnadani, kwa kodi iliyo ndani ya sabuni na sukari wanunuavyo. Kadhalika shule nyingi za kata zilizojengwa chini ya mpango wa elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 zilijengwa kwa mchanga, mawe na maji yaliyobebwa na wanakijiji wenyewe. Wengi wao hawakupata kusoma hata darasa moja. Basi ukikaa katika darasa lile, umekalia mabega ya watu.

Utumishi ni nini

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kitabu. Majirani hukusanyika wakalima shamba la mmoja leo, na la mwingine siku ya pili, na mwenye shamba huwapikia. Wajaluo huuita ushirika huo saga, na kabila karibu zote za Afrika Mashariki zina jina lake. Katika kazi hiyo shukrani haikai mdomoni. Njia ya kumshukuru jirani aliyekulimia ni kuonekana shambani kwake siku ya zamu yake, na jembe lako begani.

Hapo twajifunza kwamba shukrani na utumishi ni jambo moja lenye nyuso mbili. Twajifunza pia yale yasiyo utumishi. Kusafisha soko ili tupigwe picha, kisha kuacha takataka kando ya barabara, si utumishi. Kumsaidia mjane halafu kumkumbusha kila mkutano si utumishi, ni kukopesha kwa riba.

Namna ya kulisema neno

Kwanza, liwe fupi. Dakika moja yatosha. Pili, litaje tendo lililotendeka kweli, tena la karibuni, si maneno makubwa ya jumla. Tatu, aanze kutajwa yule ambaye kwa kawaida hatajwi. Nne, lisiwe la kumbembeleza mtu ambaye unangojea kitu kwake. Tano, liishe kwa kazi, yaani chama kiseme kitafanya nini, lini na saa ngapi. Shukrani isiyofuatwa na kazi ni sauti tupu.

Huu hapa mfano mmoja:

"Ndugu zangu, kabla hatujaanza, tuwakumbuke wenzetu wanne wa Kidato cha Pili walioamka alfajiri wakazibua mfereji wa bwenini baada ya mvua ya juzi. Hawakutumwa na mtu. Leo sote tumepita pale bila kukanyaga matope. Twawaambia asante. Na kwa kuwa mfereji wa jikoni bado umeziba, chama chetu kitauzibua Jumamosi, saa moja asubuhi. Sasa tuanze mkutano."

Hakuna neno gumu hapo. Mkatoliki ataliitika, Mwislamu ataliitika, na mzee wa mila ataliitika. Wale wanne watakwenda zao wakijua kwamba walionekana, na wengine watakwenda zao wakijua ni kazi gani inayowangoja.

Mwaka uliofuata, katika shule ileile, niliombwa tena kusema neno la Siku ya Wazazi. Safari hii sikuandika kitu usiku. Nilikwenda jikoni alfajiri pamoja na vijana ishirini wa chama chetu, kila mmoja na ndoo yake, tukashuka mtoni pamoja na akina mama. Nikawauliza majina yao, nikayaandika kwenye kiganja changu. Mkutano ulipofunguliwa niliwataja wao kwanza, ndipo nikamtaja mgeni rasmi, naye hakukasirika, bali aliinuka akawapungia mkono.

Jioni yule bibi aliniita. Akasema, "Mwalimu, maji ya leo yalikuwa mepesi."

Likizo yaja. Ufikapo nyumbani, uliza ni nani aliyebeba mawe ya shule yako ya msingi, kisha umtafute. Ukimkuta shambani, usisimame kando ukitoa hotuba. Chukua jembe.

Nawatakia nyote likizo njema.